Injini Isiyokubali Kuzimwa



Juma hili tunawaomba mtuvumilie, kwa maana tutazungumza juu ya mashine. Katika muda wa mwaka mmoja tumeulizwa swali lile lile na watu watatu wasiofahamiana: dereva wa lori la mbao, mama mmoja mwenye pawatila ya kulimia mpunga huko bondeni, na mzee mwenye mashine ya kusaga. Wote waliuliza: yawezekanaje injini ya dizeli ikaendelea kunguruma, tena kwa kasi inayozidi kupanda, hali ufunguo umekwisha kutolewa na koki ya tangi imefungwa? Yule dereva alisadiki kabisa kwamba lori lake limechezewa na watu. Hatukumcheka. Mtu aliyekwisha kusimama karibu na injini ya namna hiyo, akaona mkono wake umezima na chombo kimekataa, si ajabu akitafuta maelezo katika mambo ya gizani. Lakini maelezo yapo, nayo ni ya mchana kweupe. Na kwa kuwa katika jambo hili asiyejua aweza kupoteza mkono au uhai, tumeona si vema kuyaacha yabaki kwa mafundi peke yao.

Tuanze na injini yenyewe. Injini ya petroli huwashwa kwa cheche ya umeme. Ukikata umeme, cheche hakuna; na pasipo cheche petroli haiwaki, hata ikiwa imejaa tele. Injini ya dizeli haina cheche. Mhandisi Mjerumani Rudolf Diesel, aliyepata hataza ya wazo lake mwaka 1893 na kufaulu kulithibitisha katika mji wa Augsburg mwaka 1897, alitaka hewa yenyewe iwe kiberiti. Hewa huvutwa ndani ya silinda, kisha pistoni huigandamiza mpaka ibaki na sehemu moja ya kumi na sita, au hata ya ishirini, ya nafasi iliyokuwa nayo. Aliyewahi kujaza upepo baiskeli kwa pampu ya mkono anajua jinsi pampu inavyopata joto kule chini. Basi ndani ya silinda joto hilo hupanda kupita nyuzi 500 za sentigredi. Dizeli hunyunyizwa humo kupitia tundu jembamba la nozeli, nayo huwaka yenyewe mara ikutanapo na hewa hiyo. Injini ile ya mwaka 1897 iligeuza kuwa kazi zaidi kidogo ya robo ya nishati iliyomo katika mafuta yake, jambo ambalo injini za mvuke za siku zile zilikuwa mbali nalo. Ndiyo maana hadi leo malori, meli, jenereta na mashine nyingi za kusaga zaifuata njia hiyo hiyo.

Hapa ndipo penye siri. Injini ya petroli hupunguziwa mwendo kwa kubanwa hewa. Injini ya dizeli, kadiri ya asili yake, haibanwi hewa: mlango wake wa hewa u wazi daima, na kila inapovuta huvuta pumzi yake yote. Kinachopimwa ni dizeli tu. Matone zaidi, mwendo zaidi. Matone machache, mwendo mdogo. Pasipo tone, kimya. Mwenye kupima matone hayo ni pampu, pamoja na kifaa cha kudhibiti mwendo ambacho mafundi hukiita gavana. Tunapozungusha ufunguo, au tunapovuta kile kishikio cha kuzimia, twadhani tunaizima injini. Kumbe tunaiamuru pampu tu iache kuipa mafuta. Siku zote za kawaida mambo hayo mawili huonekana kuwa ni kitu kimoja. Siku injini ikipata chakula kwa mlango mwingine, ndipo tunapogundua kwamba tangu mwanzo yalikuwa mawili.

Na mlango mwingine upo, tena si mmoja. Pistoni haijui jina la kile inachokichoma. Oili ya kulainishia injini inawaka; gesi ya kupikia inawaka; mvuke wa petroli unawaka; chochote chenye kuwaka kikiingia pamoja na hewa, joto lile litakiwasha. Katika magari ya siku hizi mkosaji wa mara nyingi ni tabo, kile kipepeo kinachozungushwa na moshi unaotoka ili kisukume hewa nyingi zaidi ndani ya injini. Mhimili wake huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nao hulainishwa kwa oili ya injini. Vizibo vyake vikichakaa, oili hiyo hunyonywa na kuingia moja kwa moja katika njia ya hewa. Katika injini kuukuu zenye ringi zilizokwisha, moto wa silinda hupenya chini kwenye sampu, huigeuza oili kuwa ukungu, na ukungu huo hupanda kwa bomba la kupumulia na kurudi katika hewa inayovutwa. Anayejaza oili kupita alama ya kijiti naye amejifungulia njia ile ile. Kisha yapo yale machujio ya hewa yenye bakuli la oili chini yake, ili vumbi linase humo. Ni machujio mazuri sana kwa nchi yenye vumbi kama yetu, nasi hatuyasemi vibaya. Ila bakuli likijazwa kupita mstari, injini hulinywa.

Ubaya wa hali hii ni kwamba hujilisha yenyewe. Injini ikipata oili huongeza kasi. Ikiongeza kasi huvuta hewa zaidi. Na hewa zaidi huja na oili zaidi. Gavana, mlinzi tuliyemweka, anaona mwendo umezidi na anaifunga dizeli yote, tena mapema kuliko sisi. Ametimiza wajibu wake, na hakuna anayemsikiliza. Mambo huishia pawili. Ama oili inakwisha na injini inakwama kwa kukosa kulainishwa, ama kiungo kimoja kinashindwa kuhimili kasi hiyo: mkono wa pistoni unakatika na kutoboa ukuta wa injini, au gurudumu zito la pembeni linapasuka. Chuma kinachoruka kutoka hapo hakichagui wa kumpiga.

Tulilishuhudia jambo hili kwa macho yetu miaka kadhaa iliyopita, katika kijiji kimoja cha huku Nyanda za Juu Kusini, kabla nguzo za umeme hazijafika pale. Injini ilikuwa ya silinda moja, ya aina ile itokayo China, inayopozwa kwa maji yanayochemka ndani ya kisanduku kilicho juu yake, chenye kiboya chekundu cha kuonyesha kama maji yapo. Tulikuwa tumekwenda kumchukua fundi mmoja mzee, mstaafu wa karakana ya chama cha ushirika, aje atazame jenereta ya parokia, naye akaomba tupitie mashineni kwanza kuchukua unga wake. Ilikuwa asubuhi ya baridi ya mwezi Julai. Akina mama kumi na wawili hivi walikuwa wamepanga madebe yao. Kijana mwendesha mashine, jioni iliyotangulia, alikuwa ameagizwa na mwenye mali abadilishe oili ya chujio. Na kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemwonyesha mstari, alilijaza bakuli pomoni, akidhani anafanya wema.

Injini iliwaka vizuri. Baada ya muda mfupi sauti yake ikaanza kupanda, polepole, kama ya gari linaloteremka mlima kwa gia ndogo. Kijana alikirudisha kishikio cha mafuta mpaka mwisho. Haikusikia. Akafunga koki ya tangi. Haikusikia. Moshi mweupe wenye ubuluu ulijaza chumba hata tukawa hatuonani. Mkanda uliruka kutoka kwenye puli. Na injini, ikiwa sasa haina mzigo wa kusaga, ikapata kasi ambayo hatukuwahi kuisikia kwa injini yoyote. Sakafu ilitetemeka. Mahindi yalikuwa yakirukaruka ndani ya madebe.

Fundi hakuikimbilia injini. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kupiga kelele: "Nje! Mama, acha debe, toka! Msipite huku kwenye gurudumu, zungukeni kule!" Nasi tulitolewa kwa kusukumwa begani, bila heshima yoyote, jambo ambalo twamshukuru hata leo. Kutoka mlangoni tulimwona akimshika yule kijana, aliyekuwa anahangaika na spana kufungua nati ya bomba la dizeli, mahali penyewe pa hatari, usawa wa gurudumu, akamvuta kando. Kisha akachukua kibao ambacho juu yake huwekwa sado za kupimia. Akaiendea injini kwa ubavu wa upande wa chujio, akafyatua kwa ncha ya spana vibano vinavyoshika bakuli. Bakuli likaanguka, oili ikamwagika sakafuni, na pale pale akakibandika kibao kwenye mdomo uliobaki wazi, akakikandamiza kwa mikono miwili, vidole vyote vikiwa nyuma ya ubao. Injini ilipiga chafya, ikaguna, ikautikisa ubao mara mbili tatu. Ikasimama.

Hatukutazama saa. Tangu sauti ilipoanza kupanda hadi kimya kile, haidhaniwi kuwa ilipita hata dakika moja na nusu. Mama mmoja alianza kucheka, kisha akalia. Kijana alikuwa ameketi chini, uso umejaa masizi, na neno lake la kwanza halikuwa la shukrani wala la hofu. Alisema: "Fundi, imekufa? Kama imekufa, nitalipa na nini?" Neno hilo tutalirudia.

Njiani tulimwuliza mzee kwa nini hakumwachia kijana amalize kufungua bomba la dizeli. Alitujibu: "Baba Paroko, yule alikuwa anainyima dizeli mashine isiyokula dizeli. Lakini hewa, hakuna mashine isiyoila."

Hilo ndilo jibu tunalowapa wale watatu waliotuuliza. Chakula cha injini iliyoshikwa na wazimu chaweza kuwa oili, gesi, mvuke au dizeli yenyewe, na katika zile sekunde chache hakuna mwenye nafasi ya kuchunguza ni kipi. Hewa ni ile ile siku zote. Ni kweli kwamba zipo injini zinazogoma kuzimika kwa kosa la pampu: kile kijiti kinachopima dizeli kimekwama kwa kutu au kwa utando wa mafuta ya zamani, hasa kwa trekta lililolala msimu mzima bila kuwashwa. Huko moshi huwa mweusi, na kulegeza bomba la dizeli kutafaa. Lakini hata injini hiyo ukiinyima hewa itakufa vile vile, na ndiyo sababu fundi makini hawashi injini yenye pampu iliyotoka kufunguliwa pasipo kuwa na ubao karibu na mkono wake.

Kitu cha kuzibia ni lazima kiwe kigumu na bapa, kipana kupita mdomo wa bomba: ubao, kipande cha plaiwudi, sahani nene ya chuma. Kitambaa, fulana au gunia huvutwa ndani, nacho kikifika kwenye tabo kimeongeza balaa. Kiganja cha mkono kisithubutu. Tunasikia vijana wakijisifu kwamba wamezima injini kwa kiganja; huenda ikawa, ila mvuto wa mdomo ule una nguvu ya kupasua ngozi, na nyuma yake yaweza kuwapo mapanga ya tabo. Wengine hukimbilia ndoo ya maji. Maji hayagandamiziki kama hewa. Yakijaa ndani ya silinda, pistoni inapanda na kukuta ukuta, na kile tulichotaka kukizuia ndicho tunachokifanya. Mtungi wa kuzimia moto wa hewa ukaa, ukielekezwa kwenye mdomo wa hewa na kushikiliwa hapo mpaka injini isimame, hufanya kazi vizuri, kwa kuwa unaijaza injini pumzi isiyowasha. Tunasema wa hewa ukaa, si wa unga. Na katika injini ndogo zenye kile kishikio juu ya kichwa, kinachoinuliwa wakati wa kuwasha kwa hendeli, kukiinua huachia mgandamizo, na pasipo mgandamizo joto halipatikani. Fundi wetu alitueleza kwamba angekitumia nacho, ila kwenye mashine ile kilikuwa kimekatika siku nyingi na mwenye mali hakuona haja ya kukinunua.

Kwa dereva wa lori tunaongeza neno, kwa sababu yeye anacho kifaa ambacho mwendesha mashine hana. Gari lenye gia za mkono likianza kukimbia lenyewe likiwa limesimama, weka gia ya juu kabisa, kanyaga breki kwa nguvu zote, kisha achia klachi kwa ghafula. Injini italazimika kulisukuma gari zima lililofungwa breki, nayo itazimika. Ikitokea njiani, kosa kubwa ni kukanyaga klachi au kuweka gia huru, kwa maana mzigo wa gari ndio unaoishikilia injini isipae zaidi. Baki katika gia kubwa, breki, tafuta pa kusimama. Gari la gia za kujibadili lenyewe halina njia hii, kwa kuwa kati ya injini na magurudumu kuna mafuta tu yanayosukumana. Huko ni ubao au mtungi. Na dereva asiye na ubao wala mtungi? Ashuke, awaondoe watu, akae mbali, wala si mbele wala pembeni mwa injini, aiache ijivunje.

Waundaji wa injini hawakuwa wajinga wa mambo haya. Injini za Detroit Diesel za mipigo miwili, zilizoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1938 na kuingia katika mabasi, malori na mashua za pande nyingi za dunia, nyingi ziliwekewa kibao cha chuma chenye springi katika njia ya hewa, na dereva alikuwa na kishikio cha dharura cha kukiangusha. Siku hizi, katika migodi na maeneo mengi ya mafuta na gesi, gari la dizeli halipiti lango kama halina valvu ya kufunga hewa. Valvu hizo zimezoeleka huko kwa sababu watu wamekufa.

Tarehe 23 Machi 2005, katika kiwanda cha kusafishia mafuta cha kampuni ya BP huko Texas City, Marekani, mnara mmoja ulijazwa kupita kiasi, na mafuta yawakayo upesi yakafoka kutoka juu ya bomba refu na kutanda chini kama wingu. Mita kama 8 kutoka hapo liliegeshwa gari dogo la mizigo la dizeli, injini yake ikinguruma taratibu. Injini ilivuta mvuke ule pamoja na hewa, ikaanza kukimbia. Waliokuwa karibu hawakuweza kuizima, wakakimbia wao. Wingu likawaka. Watu 15 walikufa na 180 wakajeruhiwa. Na wachunguzi wa serikali walipomaliza kazi yao walilitaja gari hilo kuwa ndilo, kwa uwezekano mkubwa, lililowasha moto. Miaka mitano baadaye, usiku wa tarehe 20 Aprili 2010, katika Ghuba ya Mexico, gesi iliyofoka kisimani iliingia katika hewa ya injini kubwa za dizeli zilizokuwa zikizalisha umeme kwenye jukwaa la kuchimbia la Deepwater Horizon. Walionusurika walisimulia jinsi walivyosikia injini zikipanda kasi na kuona taa zikizidi kung'aa, kisha mlipuko. Walikufa watu 11.

Tunayataja ya mbali kwa sababu ya dhana moja tunayoisikia hapa kwetu mara kwa mara, kwamba gari la dizeli ni salama mahali penye petroli iliyomwagika, ati kwa kuwa halina cheche. Dhana hii si sahihi. Gari la petroli likifika katika wingu la mvuke laweza kuzimwa. La dizeli laweza kufika hapo na kukataa. Dereva akiliona lori la mafuta limepinduka mbele yake, azime injini akiwa bado mbali, hewa ikiwa bado ni hewa.

Sasa turudi kwa neno la yule kijana, kwa maana kwetu sisi hilo ndilo zito kuliko yote tuliyokwisha kuyaeleza. Fundi alipoifungua injini alikuta vijiti viwili vya kusukumia valvu vimepinda. Pistoni na krenki vilikuwa vizima. Ilitengenezwa kwa siku mbili. Mwenye mashine alipiga hesabu ya vijiti, ya oili iliyomwagika, ya ufundi, na ya siku mbili za kutosaga, akaiandika yote katika daftari juu ya jina la kijana, na akaanza kumkata katika ujira wake kila mwisho wa mwezi. Tulikwenda kuongea naye mara mbili. Si mtu mbaya. Anakopesha unga wakati wa njaa na harudishi mtu nyumbani mikono mitupu. Alitujibu kwa upole: "Baba Paroko, nisipomkata ataichezea tena. Mali isiyomuuma mtu haitunzi."

Tuliielewa hoja hiyo, nasi tunajua wengi wanaiona kuwa ni ya haki. Hata hivyo tunaikataa, na sababu tuliiona kwa macho. Kwa nini kijana yule alikuwa bado amesimama usawa wa gurudumu, na spana mkononi, wakati akina mama walikwisha kutoka? Alijua hatari, sauti ile haihitaji mkalimani. Alibaki kwa sababu kichwani mwake lilikuwamo daftari. Ujira wake wa miezi mingi ulikuwa unazunguka pale mbele yake, na kila sekunde aliona unapotea. Mtu aliyeambiwa kwamba injini ikivunjika atailipa yeye, hakimbii injini inayovunjika. Huyo tumemfunga kwenye gurudumu kwa kamba isiyoonekana, halafu tunashangaa kwa nini vijana wa mashineni hukosa vidole.

Na je, ni nani aliyepaswa kumwonyesha mstari wa bakuli? Ni nani aliyeacha kishikio cha kuinulia valvu kikae kimekatika? Hesabu za namna hiyo hazikuwamo katika daftari.

Tangu siku ile tumezungumza na wenye mashine kadhaa katika vijiji tunavyopita, nasi tunawaomba mambo machache tu, yasiyogharimu hata bei ya gunia la mahindi. Ubao mgumu utundikwe kwa msumari upande wa chujio, si upande wa gurudumu, na usifanyiwe kazi nyingine. Kibao cha sado siku moja kitakuwa kimekwenda kuoshwa. Mstari wa oili kwenye bakuli la chujio upakwe rangi. Kijana afundishwe injini ikiwa imezimwa, aubandike ubao mara tano sita mpaka mikono izoee njia, kwa sababu katika moshi ule hakuna anayesoma maandishi. Akina mama wajue mlango wa kutokea. Baada ya injini kusimama, isiwashwe tena siku hiyo mpaka fundi ameona oili iliingilia wapi. Injini iliyopata njia ya kujilisha itaipata tena. Na la mwisho, mwenye mali amwambie mwendeshaji wake mbele ya mashahidi wawili, kabla ya siku mbaya haijafika, kwamba ubao ukishindwa atoke, na injini ikivunjika yeye hadaiwi.

Hilo la mwisho ndilo linalokwama. Ubao wameukubali karibu wote. Wengine wamepaka na rangi. La deni husema watalifikiria. Mzee mmoja tu, yule aliyetuuliza swali hapo mwanzo, alimwita kijana wake papo hapo na kumtamkia maneno hayo sisi tukiwa mashahidi, na kijana akaitika "Ndiyo, baba" kwa sauti ya mtu asiye na hakika kama anafanyiwa mzaha.

Mashine ile ya asubuhi ya Julai haipo tena. Umeme ulifika kijijini kwa mradi wa Wakala wa Nishati Vijijini, mwenye mali akaiuza injini na kununua mota, kama wengi walivyofanya. Kijana yuko kijiji cha jirani. Naye anasaga kwa mota, na anapotaka kuizima hubonyeza kitufe chekundu ukutani. Miezi minne aliyokatwa hajarudishiwa. Daftari tumeliomba mara ya tatu mwezi uliopita, tukaambiwa limeliwa na mchwa. Basi tumeomba aandike jipya, kwa kukumbuka.